Msalaba Mweupe Kihambani kwa Mama Mkubwa

Ndege ilipokuja kupiga picha za mashamba ya Uru, mimi niliajiriwa kuweka alama ardhini kwa kuwa nilikuwa nimefika kidato cha nne. Mpimaji kutoka mjini alinieleza kazi. Chombo kimoja ndani ya ndege husikiliza setilaiti na kujua ndege iko wapi, kingine hujua imeinama kiasi gani, na kamera huona. Vikiunganishwa, mtu anaweza kugusa mgomba pichani na kujua ulipo hasa. Ili kuhakikisha havidanganyi, ulitakiwa msalaba wa kitambaa cheupe mahali palipopimwa, pasipofunikwa na majani.

Upande wetu, uwanja wa wazi ulikuwa mmoja tu: ua wangu. Nami nilikuwa nimeanika kahawa pale, na jua lenyewe lilikuwa la kuvizia. Nilimwambia mpimaji kwangu kuna mteremko mbaya, nikampeleka kwa mjane wa baba mkubwa, ambaye kihamba chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kinapakana na changu.

Mama mkubwa alitusikiliza akiwa mlangoni.

"Mwanangu, na uani kwako je?"

"Pana mteremko, mama."

"Kahawa yako ndiyo yenye mteremko," akasema kwa lugha yetu, mpimaji asielewe, kisha akatuongoza migombani. Mbele ya mgeni hakutaka kumwaibisha mtoto wa shemeji yake.

Tulikata migomba yake ya mchare, ndizi zake za kupika, mikungu ikiwa bado michanga. Panga nililishika mwenyewe.

Baadaye mpimaji alinionyesha picha kwa furaha: msalaba umeangukia pale pale hesabu zilipotaka. Mimi niliona tundu katikati ya migomba, na kando yake ua wangu, tambarare kama meza, vichanja vya kahawa vimejipanga.

"Hapa pangefaa zaidi," alisema. "Ni kwa nani?"

Nikasema sijui.

Msimu ule nilimwona mama mkubwa soko la Kiboriloni akinunua ndizi. Mtu mwenye kihamba, ananunua ndizi. Nilijibanza nyuma ya magunia ya mahindi mpaka akapita.

Miaka ilipita ndipo nikampelekea jani la isale. Kwetu, aliyeletewa isale husamehe. Hana ruhusa ya kukataa. Alilipokea kwa mikono miwili, akanivutia kigoda. "Yamekwisha, mwanangu."

Sasa hayupo. Natamani ningekwenda mikono mitupu, ili kama alitaka kuninyima msamaha, aninyime.