Shemizi yangu juu ya waya ilitaka kuvunja ndoa ya yaya

Wakuu, salamu kutoka Kalemie. Hii ni kweli tupu, naapa kwa bulletin yangu ya alama za shule. Ile halisi, siyo ile niliyomuonyesha Papa.

Niko na shemizi nyeupe moja, shati la shule. Moja. Na wakati wa mvua huku nguo haikauki hata uiombee novena.

Sasa jikoni kwetu, kale kajumba ka bati, kuna waya wa umeme unapita juu kabisa ya mbabula, jiko letu la makaa. Nikaona ni kamba ya bure. Kila jioni Mama anasonga bukari, joto na mvuke vinapanda, shemizi iko juu inakauka. Miaka miwili. Nilijiona injinia.

Siku moja wakwe wa dada yangu mkubwa, yaya Furaha, wakaja kujitambulisha. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Baba mkwe, Papa Kabwe, fundi umeme mustaafu wa reli, akapita jikoni kumsalimia Mama. Akashika mlango wa bati.

Mzee aliruka kama samaki mukebuka ndani ya mtumbwi.

Dada yake, aliyekuja naye, akabeba pochi papo hapo. Akasema nyumba hii imewekewa dawa, warudi kwao. Yaya akaanza kulia kimya, kile kilio cha kuharibu poda.

Hapo utani ukanitoka.

"Papa, si dawa," nikasema. "Ni shemizi yangu."

Mama akanitazama kama mtu anayechagua fimbo.

Papa Kabwe akazimisha umeme, akapanda kwenye kiti. Alikunja waya kidogo tu, plastiki ikamvunjikia mkononi kama ganda la karanga. Akatueleza: joto la mbabula linaikausha siku kwa siku, inakuwa ngumu, inapasuka. Kisha mvuke na maji ya shemizi vinaingia kwenye nyufa, umeme unapata njia mpaka kwenye bati.

"Waya unazeeka kama muntu," akasema, "ila wenyewe hautoi mvi."

Akamgeukia dada yake, shemizi yangu mkononi: "Kaa. Muchawi njo huyu, na hata kifungo cha juu hana."

Tulipowapa orodha ya mahari, kati ya mbuzi na koti la Papa wetu, Mama aliongeza kwa mkono wake: waya mpya, mita ishirini. Wakaleta vyote. Papa Kabwe akaufunga, mimi nilishika ngazi.

Funzo: plastiki ya waya ina umri. Chungulieni ile inayopita juu ya jiko. Ikiwa imepasuka, zimeni, iteni fundi.

Nani anajua namna nyingine ya kukausha shemizi? Niko darasani, mgongo umelowa. Nitukaneni, ila kwa adabu.