Injini ya Binti wa Dukani

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu hapa Runzewe, na injini yoyote naitambua kwa mlio. Ndiyo maana juzi nilijitia kimbelembele dukani kwa Baba Salma.

Salma, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo, alikuwa akimweleza baba yake kwamba anataka kutengeneza gemu za kuchezea kwenye televisheni, ila hajajua achague injini ipi.

"Moja ni nzito lakini ina nguvu," alisema. "Nyingine nyepesi, ila inakwamakwama."

"Chukua nzito, mwanangu," nikadakia. "Nyepesi zinachemka upesi."

"Shikamoo, fundi. Kumbe unazijua?"

"Marahaba. Nimezifungua miaka kumi."

"Itabeba wachezaji wanne kwa pamoja?"

Sikuelewa wachezaji wanapandia wapi, lakini nikajibu, "Ukikaza mkanda, hata sita."

Akanikaribisha ndani nimsaidie kuchagua, nami nikaingia na mfuko wangu wa vifaa. Niliona kompyuta tu. Kwa hamu ya kuiona hiyo injini nikainama chini ya meza, nikachungulia nyuma ya pazia.

"Fundi, unatafuta nini?"

"Injini."

Akanyanyua kisahani cha plastiki kinachong'aa. "Si hii hapa? Ni programu ya kompyuta."

Nilikuwa nimeshafungua kopo la oili.