Mumbi Aliyekosa Mwitikiaji

Enzi zetu, sisi tuliokulia Nandagala, mtoto alijua ndege kabla hajajua herufi. Mtama ulipoanza kukomaa, tukitoka chuo cha Kurani asubuhi tulipelekwa moja kwa moja shambani kuamia, yaani kuwafukuza ndege wasile mtama. Tulipanda juu ya dungu, jukwaa la miti lililoezekwa nyasi, tukiwa na kombeo, debe bovu la kugonga na muhogo wa kuchoma uliofungwa kwenye jani la mgomba. Vijana wa leo wakikosa simu kwa muda mfupi tu husema wamezidiwa na upweke. Sisi tulikaa na upepo hadi alasiri.

Lakini hatukuwa peke yetu, maana kulikuwa na kutangaziana. Ukimwona ndege mgeni, si hawa walaji wa mtama, ulimtangaza kwa sauti kubwa kwa jirani wa dungu la pili, naye akaitika, "Nimesikia!" Hapo ndipo ndege alihesabika kuwa ameonwa, na jioni uliruhusiwa kumsimulia wakati wa kula. Bila mwitikiaji, huna ndege. Wazee walisema jicho la mtu mmoja hudanganywa na njaa.

Jirani yangu alikuwa Zuhura, binti wa shamba la ng'ambo ya kijito.

"Kanga kwenye mbaazi!" nilipiga kelele.

"Hayo majani makavu! Kanawe macho, we Somoe!"

Nilingoja mpaka kanga waruke, ndipo aitike kwa kujivuta, kama mtu anayemeza maji ya mwarobaini.

Mashine zilipoanza kung'oa pori la Nachingwea ili zilimwe karanga, baba yake Zuhura alipata kazi huko, akahama na watu wake wote. Msimu uliofuata dungu lao lilikuwa tupu, nyasi za paa zikianguka moja moja. Ndipo nilipomwona mumbi akitoka kichakani, yule ndege mkubwa mweusi mwenye shingo nyekundu, akitembea polepole chini kama shehe aendaye msikitini. Sikuwahi kumwona kabla ya hapo, wala Zuhura. Nikaita. Nikaita tena. Kilichosikika ni maji ya kijito tu.

Jioni nikamwambia mama.

"Nani kaitika?"

"Hakuna, mama."

"Basi mumbi wako bado yuko porini, mwanangu. Kula ugali."

Hakuwa na ukali. Ndiyo desturi ilivyokuwa. Nilikula, ila yule ndege alinikwama kooni msimu mzima.

Baada ya mavuno baba alinichukua, tukaenda kwa miguu kupitia Ruponda hadi Nachingwea, kumjulia hali shangazi. Nilidhani tumepotea. Nchi ilikuwa wazi, udongo mwekundu hadi macho yanapoishia, pasipo hata mti wa tetere kutua. Zuhura nilimkuta mbele ya kibanda kambini kwa wafanyakazi, amekonda, akipepeta mchele. Hata salamu ilikuja baadaye. Alichosema kwanza ni, "Umeona nini?"

"Mumbi. Kwenye mtama wetu, karibu na kijito."

Akaweka ungo chini. Akaitazama ile nchi isiyo na miti, halafu akapaza sauti kana kwamba bado niko ng'ambo: "Nimesikia!"

Tukacheka sana. Kisha yeye akalia, na mimi nikamshikia ungo.

Mwenyezi Mungu ameniruzuku umri mrefu, namshukuru kwa kila pumzi. Zuhura tulimzika zamani, na wenzangu wa madungu mengine wametangulia mmoja mmoja. Mjukuu wangu hupiga picha ya ndege kwa simu, akawarushia watu asiowajua. "Bibi, wameipenda wengi!" Namuuliza nani kaitika, naye hucheka akidhani natania. Enzi zetu alitosha mmoja, ilimradi awe ng'ambo ya kijito.

Asubuhi, nikimaliza uradi, dudumizi hulia kwenye mkorosho nyuma ya nyumba. Namtangaza kwa sauti hii niliyobakiwa nayo: "Dudumizi kwenye mkorosho!" Kisha nakaa kimya kidogo kabla ya kukunja mkeka, nikimwachia mtu nafasi ya kuitika.