Matonge Matatu ya Sajini

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata saa yake naikumbuka: siku niliyong'atwa na mbwa ambaye tangu nikiwa mdogo hakuwahi kunionyesha meno. Alama yake iko hapa kwenye kidole gumba. Uliniuliza ukiwa mtoto nikakuambia nilijikata na panga. Haikuwa panga. Nilikudanganya kwa aibu, na leo nataka kuusema ukweli, kwa sababu jana ulipopiga simu kutoka Syokimau ukasema mbwa wenu Bosco anakataa dawa yake ya moyo, nilijikuta nacheka peke yangu sebuleni. Mmemfunga taulo, wewe na mume wako, mkamfungua taya kwa nguvu, na sasa akisikia mkebe wa vidonge ukilia anaingia chini ya gari na hatoki! Nilicheka mpaka mama yako akaja kuchungulia. Kisha nikaacha kucheka, nikatafuta karatasi, nikaketi kukuandikia.

Nilikuwa nimemaliza shule, niko nyumbani Kithyoko nikichunga mbuzi na kujiona mwanamume kamili. Niliishi na susu, nyanya yangu mzaa baba. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, hata mimi alinijua kwa sauti tu. Lakini hakukubali kukaa ndani. Alikuwa na Sajini, mbwa mzee wa rangi ya udongo, mwenye sikio moja lililopasuka. Kule kwetu kengele hufungwa mbuzi, ili akipotea vichakani asikike. Susu aliichukua kengele ya mbuzi akamfunga mbwa. Sajini alitangulia, susu akafuata mlio, na hivyo ndivyo alivyofika shamba la ndengu, na kisimani, na kanisani Jumapili, ambako Sajini alilala mlangoni mpaka sala iishe. Watu waliwacheka, lakini susu hakujali.

Basi Sajini akaugua. Aliacha kula, ufizi ukawa mweupe, na asubuhi moja tukakuta damu inamtoka puani. Siku ya soko nilimpakia kwenye wilbaro nikamsukuma mpaka sokoni, kwa sababu siku hiyo daktari wa mifugo hufika. Alimpapasa, akamtazama mdomoni, akamtoa kupe nyuma ya sikio akanionyesha.

"Hii ni ugonjwa ya kupe," akasema. "Utampea kidonge moja kila siku, siku ishirini na moja. Usiruke hata siku moja. Huyu ni mzee. Ikimrudia, haamki."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Sasa ujue, mwanangu, hakuna kijana aliyenishinda kunywesha mbuzi dawa ya minyoo. Acha nijisifu kidogo, maana hakuna mwingine wa kunisifu. Unambana mbuzi kati ya magoti, unainua kidevu, unapitisha shingo ya chupa ya soda pembeni mwa mdomo, unamimina, basi, mwingine aje. Nilimaliza zizi zima kabla chai haijapoa. Majirani waliniita niwanyweshee mbuzi wao. Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikatwanga kidonge kwa jiwe, nikakikoroga na maji kwenye chupa yangu ileile, nikambana Sajini kati ya magoti.

Alinitazama. Hakuhangaika hata kidogo, maana alikuwa mgonjwa na ni mimi. Nikainua kidevu nikamimina. Dawa ikaingia njia isiyo yake, akakohoa, akapaliwa, macho yakamtoka, nami kwa ujinga wangu nikazidi kubana na kumimina ili imalizike. Ndipo aliponing'ata. Aliniachia palepale, akarudi nyuma huku anakohoa, akaenda kujificha nyuma ya ghala. Uchungu wa kidole ulikuwa mdogo, ila hasira ilinipanda kweli.

Sasa sikiliza sehemu ninayoionea aibu. Kesho yake nilipotokea tu uani, Sajini alijikokota akaondoka. Sikuwa hata nimeshika chupa. Nikakichukua kidonge nikakifukia kwenye jivu, na susu aliponiuliza kama Sajini amemeza, nikasema amemeza. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Nilijiambia kwamba mbwa ni mbwa, atapona mwenyewe au atakufa, mimi nina mbuzi wa kuangalia. Uongo ukishautamka mara moja, mara ya pili unatoka wenyewe wala husikii ladha yake.

Siku ya nne asubuhi susu alikuwa mlangoni na jembe lake begani, amejifunga leso kiunoni, anangoja. Alingoja sana. Mimi nilikuwa nakunywa chai na nilimwona akigeuza kichwa upande huu, upande ule, anasikiliza.

"Kengele iko wapi?" akauliza.

Akaweka jembe chini, akapapasa ukuta wa ghala mpaka nyuma, akamkuta Sajini amelala chini hainui kichwa. Akaketi pale mchangani akamshika ufizi kwa kidole. Aliponiita kwa jina langu lote nilijua kwamba anajua. Nikamwambia kila kitu: chupa, magoti, jivu.

Hakunipigia kelele, mwanangu. Afadhali angenipigia.

"Mbuzi ukimaliza naye anaenda na wenzake, anasahau," akasema. "Huyu hasahau. Umemfanya aogope mkono inampatia chakula. Na kesho mimi nitafuata nani?"

Nililia. Kijana mzima mwenye ndevu, nililia kama nimefiwa. Kisha nikarukia baiskeli nikamtafuta yule daktari mpaka nikampata, nikamweleza ukweli wote barabarani, watu wanasikia. Alikasirika, na alikuwa na haki. Aliniambia dawa ya majimaji ingeweza kuingia mapafuni ikamuua kabla ya kupe. Aliniambia tena kwamba vidonge vile ukivitwanga ladha yake chungu yote inamjaa mdomoni, na kwamba nisitwange dawa yoyote bila kumuuliza aliyeitoa. Akanipa vingine, akaniamuru nianze kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza.

Niliporudi susu alikuwa ameshapika ugali. Akaniambia nikae mbali, karibu na zizi, nisikohoe. Yeye akaketi chini kando ya Sajini na sahani mapajani, akaanza kula. Alikula! Hakumwita, hakumshika, alikula tu na kumwambia mambo ya ndengu na jua. Baadaye akachovya kidole kwenye mafuta ya mbuzi akakiacha karibu na pua. Nikauona ulimi ukitoka.

Ndipo akafinyanga matonge matatu madogo, kila moja limepakwa mafuta. La kwanza halikuwa na kitu, akampa. La pili lilikuwa na kidonge katikati. Na kabla Sajini hajaanza kulichunguza lile la pili, la tatu lilikuwa tayari mbele ya pua yake, linanukia. Mbwa yeyote hapo afanye nini? Akalimeza la pili kwa haraka ili alipate la tatu! Mwanangu, nilisimama kule zizini nikataka kupiga kelele, nikakumbuka nimeambiwa nisikohoe. Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kazi yangu ikawa kupika ugali na kukaa mbali. Kila siku susu aliniruhusu nisogee hatua moja. Siku ya tano Sajini alisimama. Siku ya nane alibwekea kuku wa jirani, na susu akatabasamu kutwa nzima. Lakini mimi nikinyoosha mkono, kengele ililia mara moja tu, ikaenda nyuma ya ghala.

Siku ya kumi na tano shangazi yangu akaja na habari: susu amepata nafasi hospitalini Machakos, atatolewa ukungu jicho moja, na ni lazima waondoke asubuhi ileile. Susu alikataa. Alisema hawezi kumwacha Sajini siku mbili. Shangazi akaanza kulia, kwa sababu nafasi ile ilikuwa imengojewa muda mrefu. Nikajikuta nasema, "Susu, nenda. Nitampea." Alinigeuzia uso na yale macho yake yasiyoniona. Kisha akanikabidhi vidonge, akaenda.

Nikabaki na mbwa asiyenitaka na siku ambayo haifai kurukwa. Unajua nilifanya nini kwanza? Nilivaa leso ya susu! Nilijitanda mabegani, nikakalia kigoda chake, nikajaribu hata kukohoa kama yeye. Sajini alifika hatua tatu, akanusa, akanitazama kwa dharau ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote, akaenda zake kulala kivulini. Nilivua leso nikaikunja vizuri. Nikaenda kutoa ile chupa ya soda iliyokuwa imechomekwa kwenye paa la zizi, nikaitumbukiza chooni. Sijui kama mbwa anaelewa mambo hayo, lakini mimi nilijisikia mwepesi.

Halafu nikaketi chini mchangani na sahani yangu nikala. Sikumtazama. Nikamweleza mambo ya mbuzi. Nikamwambia nimekosa, ndiyo, nilimwambia kwa maneno, na kama jirani alinisikia shauri yake. Nikaweka tonge moja mbali nami, nikaendelea kula. Kivuli cha ghala kikahama mpaka kwenye mlango wa jikoni. Mbuzi wakalia wafunguliwe, nikawaacha walie. Kengele ikalia kidogo. Ikanyamaza. Ikalia tena, karibu zaidi. Tonge likaenda. Nikaweka jingine, karibu na goti langu, nalo likaenda. Lile lenye kidonge nililishika mkononi, mkono uleule wenye kidonda, na la mwisho nimelishika mkono wa pili. Akanusa kidole gumba. Alikinusa kwa muda mrefu sana. Kisha akakiramba, akachukua tonge, akameza, akafuata la mwisho!

Hapo sikujizuia. Niliruka nikapiga ukelele, mbuzi wote zizini wakashtuka, jirani akaja mbio akidhani ni nyoka. Nikamwambia amemeza. Akauliza nani amemeza nini. Nikamkumbatia.

Susu alirudi kesho yake jioni, jicho moja limefungwa bandeji. Kabla gari halijasimama Sajini alikuwa ameshafika barabarani, kengele inalia. Susu akamshika kichwa, akaniuliza, "Umempea?" Nikasema nimempa, siku zote mbili, kwa mkono wangu. Akasogeza mkono hewani mpaka akalipata bega langu. Lakini hospitalini walikuwa wamempa dawa ya matone ya jicho, na shangazi akanieleza pembeni kwamba susu amewashinda wauguzi: ukimsogelea na ile chupa ndogo anafumba jicho na kugeuza uso ukutani. Hataki mtu. Na bila matone jicho lingeharibika.

Nikapika ugali. Nikaketi naye chini, tukala, nikamweleza mambo ya ile leso mpaka akacheka akashika mbavu. Kisha nikatoa ile chupa nikamwambia, "Susu, nina dawa hapa. Itachoma kidogo. Ukiwa tayari niambie."

Akainua uso. "Leta kwanza ile tonge ya kwanza," akasema, na akafungua jicho lake mwenyewe.

Jicho lilipona, Sajini akamaliza vidonge vyake vyote ishirini na kimoja, akaishi misimu mingine kadhaa ya ndengu. Susu sasa aliona njia vizuri kabisa. Hata hivyo aliendelea kutembea nyuma ya kengele mpaka mbwa yule alipokufa kwa uzee, na sisi hatukumuuliza kwa nini.

Basi, mwanangu, leo usimguse Bosco na kidonge kwa dakika chache za kwanza. Toa kidonge kwenye ule mkebe unaolia, ukiweke mahali pengine. Keti chini, hata kama ni kwenye vigae, kula kitu, mweleze habari za ofisi. Mpe tonge lisilo na kitu, kisha lenye kazi, kisha la asante likiwa tayari mkononi. Akitema, usimdanganye daktari wala mume wako kwamba amemeza, mpigie daktari umuulize njia nyingine. Usimbane mgonjwa asiye na nguvu ya kukukataa, kwa sababu dawa utaifikisha leo, na kesho hutapata mlango. Mwombe, mngoje, umwambie ukweli. Na mimi vidonge vyangu vya presha vinaongezeka kila nikienda kliniki, na mama yako ananijua. Ikifika siku yangu ya kugeuza uso ukutani, usije na taulo. Njoo na sahani, ukae nami chini, tule kwanza.

Mungu aubariki mkono wako, uwe mkono ambao mgonjwa akiuona anausogelea. Akupe subira ya susu yangu, na akujalie wewe na Bosco asubuhi nyingi zaidi ya hizi mnazozihofia. Bosco akimeza, nipigie simu hata kama niko kanisani, nitatoka nje nipige ukelele.