Gauni Lililotoka Mofu

Mama yangu hakujua kushona, na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia. Alikuwa na cherehani cha mkono, kile kinachowekwa juu ya meza na kuzungushwa kwa mkono wa kulia, na kwa kuwa kilikuwepo ndani, nyumbani kwetu Mlabani ikaonekana ni anasa kumpelekea fundi kitambaa. Baba alivaa suruali ambayo mfuko wake mmoja ulikuwa mfupi kiasi kwamba leso iliingia nusu. Mapazia ya sebuleni yalipishana urefu, moja likiburuza sakafuni na lingine likiacha dirisha wazi kwa chini, na wageni waliokaa upande ule walipigwa jua la jioni usoni bila kulalamika. Mimi niliwahi kushonewa blauzi ya kitenge chenye tausi. Mbele tausi walisimama vizuri, mgongoni wakaning'inia vichwa chini.

"Nani atakuangalia mgongo?" mama aliniuliza nilipomwonyesha.

Shule nzima iliniangalia mgongo.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo mama hakulikosea. Alishona nguo za kukulia. Watoto wengi wa mtaa wetu tulishonewa hivyo, nguo ya mwaka huu ikitazamia mwili wa mwaka kesho, lakini mama alipitiliza. Sare niliyoanzia darasa la kwanza ilikuja kunikaa sawasawa nilipofika la tatu, na wakati huo rangi ilikuwa imeshakwenda zake. Shingo zilinishukia begani, mikono ilifunika vidole, na pindo lilikuwa nene hata nikikimbia linanipiga magoti. Nikilalamika alinijibu, "Utaikuta tu. Kula wali, ukue." Utoto wangu wote nilikuwa nyuma ya nguo zangu, nazifukuzia.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mimi nilikuwa nasoma mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mvua zilipoanza, wazazi wangu walihamia shamba kama familia nyingi za Ifakara zilivyofanya. Shamba letu la mpunga lilikuwa Mofu, mbali mno kwa mtoto wa shule kwenda na kurudi, kwa hiyo mimi nilibaki mjini na bibi mzaa mama. Wao walikaa huko kwenye kibanda cha makuti na matete, wakalima, wakapalilia, na mpunga ulipotoa masuke wakaingia kwenye kuamia ndege, kazi ambayo haina Jumapili. Kwelea kwelea wakishuka shambani umekwenda kumsalimia jirani, unarudi unakuta mabua matupu. Tangu kunapambazuka mpaka jua linazama lazima mtu awe juu ya dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mpunga, apige debe, apige kelele, arushe udongo kwa kombeo. Mama na baba walipokezana, na mmoja akiondoka, mwenzake hapati hata nafasi ya kuwasha moto.

Komunyo yetu ilikuwa inaangukia katikati ya kuamia. Nililijua hilo, na usiku nililiombea, maana niliona haifai Mungu kupanga mambo namna hiyo.

"Lakini utakuja?" nilimuuliza mama siku walipokuwa wanafunga mizigo.

"Nitakuja. Na gauni nitakushonea mwenyewe."

Bibi alikohoa. Mama alijifanya hakusikia, akanisimamisha mlangoni anipime. Futi kamba yake ilikuwa imefutika namba siku nyingi, kwa hiyo alinipima kwa uzi wa katani, akafunga fundo penye bega, fundo penye kifua, fundo penye kiuno, na la mwisho chini kidogo ya goti. Alipomaliza aliuzungusha uzi kwenye vidole vyake akauweka kifuani, ndani ya nguo.

"Safari hii sikushonei la kukulia," alisema. "Siku ile utavaa nguo iliyokukaa."

Nilimkumbatia miguu. Sikuwahi kushonewa nguo iliyonikaa. Cherehani kikafungwa kwenye keria ya baiskeli ya baba, satini nyeupe na lesi vikatiwa ndani ya ndoo yenye mfuniko visilowe, na wakaondoka.

Bibi alikuwa na imani yake kwamba mtoto aliyeachwa na mama lazima ale mara mbili, mara moja kwa ajili ya njaa na mara ya pili kwa ajili ya upweke. Alinipakulia wali kama mtu anayejaza gunia. Wasukuma waliokuwa wamehamia na ng'ombe wao walianza kupitisha maziwa mtaani asubuhi, na bibi, ambaye zamani aliyaona maziwa ni dawa ya wagonjwa, akawa mteja wao. "Kunywa, mke mwenzangu," aliniambia, "mume wetu alipenda wanawake wenye miili." Babu alikuwa ameshafariki kabla sijazaliwa, lakini bibi hakuacha kumgombania na mimi.

Nikakua. Sikujiona nikikua, niliona tu nguo zikibadilika tabia. Sare ikanikaa. Blauzi ya tausi ikanikaa. Kwa mara ya kwanza nilizikuta nguo zangu, na kabla sijafurahi nikawa nimezipita, sketi imepanda juu ya magoti na mwalimu ananiuliza kama nyumbani hakuna kitambaa. Bibi alifumua pindo zote nene za mama, moja baada ya nyingine, na akakiri kwamba kumbe zilikuwa na faida. Kuhusu gauni hakuna aliyesema kitu. Nadhani sote wawili tuliamini kwamba mama hawezi kushona nguo bila kuacha pindo, hata akiapa.

Gauni lililetwa na mchuuzi wa samaki aliyekuwa akipitia Mofu kwa baiskeli, siku chache kabla ya Komunyo. Lilifungwa ndani ya mfuko wa rambo, mfuko ndani ya khanga, na khanga juu ya tenga la kambale wa kukaushwa kwa moshi. Bibi alipolifungua, chumba kizima kilinuka kitoweo.

"Shikamoo, mama," mchuuzi alimsalimia bibi, kisha akanigeukia. "Mama yako anakusalimu. Anasema ndege mwaka huu wamezidi, lakini atajitahidi."

Nilikuwa nimeshaishi na watu wazima vya kutosha kujua maana ya atajitahidi.

Bibi aliniingiza gauni kichwani. Lilipita shingo, likafika mabegani, likagoma. Mikono yangu ilisimama hewani nikawa siwezi kuishusha. Bibi akavuta huku, akavuta kule, akanitoa humo jasho linamtiririka, akalitandaza kitandani alitazame vizuri. Ndipo tukaiona mishono. Kila mshono ulianza umenyooka, ukaenda hivyo kipande, mara ukapinda pembeni ghafla, ukarudi, ukanyooka, ukapinda tena. Hata kwa mama hii ilizidi.

"Alikuwa anaumwa?" bibi alimuuliza mchuuzi, ambaye alikuwa bado barazani anakunywa maji.

"Haumwi. Anashonea juu ya dungu. Amekiweka cherehani juu ya kasha la soda. Ndege wakija anaruka, anapiga debe, anatukana, wakiondoka anakaa anazungusha. Sisi tukipita njiani tunamcheka."

Bibi alipitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni. "Hapa walikuja," alisema. Kidole kikaendelea. "Hapa wakaja tena. Hapa waliondoka kidogo, maskini." Alianza kucheka, nami nikacheka naye, mpaka alipofika mwisho wa mshono akaona hakuna pindo. Upindo wa gauni lile haukufika hata upana wa kidole. Mama alikuwa ametimiza ahadi. Alikuwa amefuata uzi wake fundo kwa fundo, akamshonea vizuri kabisa yule mtoto aliyemwacha mlangoni.

Nililia. Bibi akadhani nalilia gauni, akaanza kunihesabia magauni atakayonitafutia. Mimi nilikuwa nawalilia wale ndege. Niliwachukia kwa chuki ambayo mtu anayesubiri kumpokea Yesu hatakiwi kuwa nayo.

Gauni la kuazima lilipatikana Katindiuka, kwa familia ambayo binti yao alikuwa amepokea mwaka uliotangulia. Lile lilikuwa kazi ya fundi wa kweli. Mikono iliyofura, kiuno cha mkanda, glavu, na shela ndefu ya kushusha mbele ya uso. Nilipojiona kwenye kioo nilifurahi, na haraka nikajisikia vibaya kwamba nimefurahi. La mama bibi alilifua kwa sabuni ya kipande, akalianika, akalifua tena, likabaki na harufu yake.

Siku yenyewe tulipangwa nje ya kanisa, wasichana mstari mmoja na wavulana mstari mwingine, mishumaa mikononi. Katekista alipita na fimbo yake akitukumbusha kwamba anayegeuka nyuma au kuongea hajawa tayari kupokea. Tulisimama wima, shela zimefunika nyuso mpaka kidevuni, weupe mtupu.

Ndipo nikamwona mama.

Alitokea upande wa barabarani, kandambili mkononi, miguu ina tope mpaka karibu na magoti, kitenge amekifunga vibaya kama mtu aliyekifunga huku anatembea. Moyo wangu ulipasuka kwa furaha. Amekuja! Alianza mwanzo wa mstari, akitembea polepole, akitutazama mmoja mmoja. Aliinamisha kichwa kidogo, akitazama vifua na viuno vyetu na lesi zetu, na hapo nikaelewa kwamba haangalii nyuso. Anatafuta gauni lake. Anatafuta mishono yake.

Nilimkazia macho nyuma ya shela. Alinifikia. Alilitazama lile gauni la Katindiuka, mikono yake iliyofura, mkanda wake, akaona si lenyewe. Kisha akanitabasamia kwa adabu, vile mtu anavyomtabasamia mtoto wa watu.

"Hongera, mwanangu," aliniambia, akapita.

Sijui kama nimewahi kuumia hivyo tena, na nimeshaishi miaka mingi tangu siku ile. Mama yangu alikuwa amenipongeza kama mgeni. Nilimwona akifika mwisho wa mstari, akasimama, akageuka kutazama tena tangu mwanzo, na uso wake ukaanza kuingiwa na hofu. Pale fimbo ya katekista ikanitoka akilini.

"Mama!"

Wanawake karibu wote waliokuwa pale waligeuka. Mama alirudi mbio. Alisimama mbele yangu, akainua shela kwa vidole viwili, na akakaa hivyo ameishikilia, ananitazama. Kisha macho yakashuka mabegani kwangu, yakaenda mpaka miguuni, yakapanda tena.

"Gauni liko wapi?"

"Halikuingia."

"Halikuingia wapi?"

"Kote, mama."

Aliweka kiganja chake begani kwangu. Alikiweka chini kidogo, kwenye mkono, mahali ambapo bega langu lilikuwa zamani, ndipo akakipandisha. "Tangu lini?" aliniuliza taratibu. "Tangu lini umekuwa hivi?" Katekista alikuwa anakuja, na wimbo ukaanza ndani na mstari ukasogea. Nilipokea Komunyo yangu ya Kwanza huku nikisikia kiganja kile begani, na nadhani Mungu hakuona ubaya.

Nyumbani bibi alikuwa amechinja jogoo. Kabla ya kula mama alilitoa gauni lake kwenye kamba, akalishikiza mgongoni kwangu, akaona pengo. Akacheka. Mama alikuwa na kicheko kizuri, cha kujicheka bila huruma. "Nimekushonea kifuniko cha chupa ya chai," alisema. Kisha kicheko kikageuka, akakaa kwenye mkeka, gauni likiwa mapajani.

"Nilikuwa naushika ule uzi kila siku," alimwambia bibi. "Nasema hapa ni bega lake, hapa ni kiuno chake. Nikajua niko naye."

"Watoto ndivyo wanavyokua," bibi alimjibu haraka. "Hawasubiri mtu avune."

Alasiri wachuuzi wa samaki walipiga kengele za baiskeli nje. Walikuwa wameahidi kumrudisha mama siku ileile, maana baba alikuwa peke yake kule na mpunga ulikuwa umekomaa. Mama hakuinuka.

"Tangulieni," aliwaambia. "Mwambieni baba yake nitakuja keshokutwa. Akishindwa, ndege na wale."

Bibi alishika mdomo. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia mtu wa nyumba yetu akitamka neno kama hilo. Wachuuzi walicheka wakidhani ni utani, wakasubiri kidogo, wakaondoka.

Mama alinivuta nikakaa karibu naye. "Haya," alisema, "samaki bado unambandua ngozi?"

"Nilishaacha. Nakula na ngozi yake."

"Na radi? Bado unaingia uvunguni?"

"Hapana. Nafunika kichwa tu."

Alitikisa kichwa polepole. Nilimwona anapata shida kuuliza, kwa sababu kila alichokijua kilikuwa cha mwaka jana. "Shuleni unakaa na nani siku hizi?"

Nikamtajia. Lilikuwa jina geni kwake.

"Simjui huyo," mama alisema. Aliliweka gauni pembeni, akanyoosha miguu yake yenye tope lililokauka. "Nieleze. Anza mwanzo."