Breki ya Mkono ya Mtani Wangu

Nchi ya Tabora ni tambarare. Dereva anaweza kuendesha kutwa asikanyage breki ila kwa ajili ya mbuzi. Kwa sababu hiyo madereva wa kwetu hawakuwa na desturi ya kuvuta breki ya mkono. Wakisimama, walishuka wakaweka jiwe nyuma ya tairi, basi. Kila gari lilikuwa na jiwe lake, na wengine walilichagua kama mtu anavyochagua jembe. Breki isipovutwa, waya wake hulala tu ndani ya ala, maji ya masika yanaingia, kutu inashika, na siku ukiuhitaji unakatika uzi mmoja mmoja.

Nilikuwa najifunza ufundi mjini baada ya kumaliza darasa la saba. Wazazi wangu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya upande wa Kigwa, wakati watu wote walipotakiwa kukaa vijijini, na nyumba yetu ya zamani ilibaki bila paa. Mimi nilikaa kwa fundi wangu, mzee Mwislamu wa ukoo wa siku nyingi pale mjini, mtu mwema wa maneno machache. Alipokwenda nyumbani kula, au msikitini kusali, gereji ilibaki mikononi mwangu. Nililala humo humo, katika chumba cha vipuri ambacho hakikuwa na vipuri. Jumapili nilikwenda kanisani, nikakaa benchi la nyuma, nikarudi. Zilipita siku nyingi nisiseme neno ila "ndiyo" na "bado".

Mtu pekee aliyekuwa akija kwa ajili ya kuzungumza nami alikuwa dereva wa pikapu moja ya serikali. Alikuwa Mzaramo, mtu wa makamo, mke na watoto wake wako pwani, naye amepanga chumba karibu na soko. Siku ya kwanza aliponiuliza kabila langu nikamwambia, alikaa juu ya tairi kuukuu kama mtu aliyefika kwake.

"Mnyamwezi," akasema. "Alhamdulillahi. Nilidhani nitakufa huku sina wa kumtukana."

Babu zetu walikwenda pwani kwa miguu na mizigo ya watu mabegani, wakalala katika vijiji vya babu zake, wengine wakafia huko wakazikwa na watu wa huko. Utani ulitoka hapo. Mzaramo aweza kunitukana nisikasirike. Aweza kuchukua kitu changu akakishika mpaka nijikomboe, na nikijikomboa lazima anirudishie, hata kama hajaridhika. Nami nina haki hiyo hiyo juu yake. Yeye aliitumia haki yake kila alipokuja. Mimi sikuitumia hata siku moja.

"Shikamoo," nilikuwa nikimwambia.

"Sitaki shikamoo yako. Mtani haamkiwi, mtani anatukanwa. Haya, nitukane siku ianze vizuri."

Nikainama kwenye kazi.

"Huyu walimkata ulimi wakamwachia mabega," akamwambia fundi wangu, na fundi akatabasamu kidogo.

Siku moja alichukua kandambili zangu. Alizitia ndani ya gari, akafunga mlango, akasema nijikomboe kwa tusi moja tu, hata likiwa dogo. Watu wawili waliokuwa wakingoja baiskeli zao wakageuka kunitazama. Nilifanya kazi peku hadi jioni. Jioni alizileta mwenyewe, akaziweka karibu na miguu yangu, na safari hiyo hakucheka.

"Mtani," akasema, "si ungesema hata neno moja?"

Nilitaka kusema. Sikujua namna ya kumweleza kwamba nilifurahi alipozichukua.

Kisha akapata uhamisho kwenda Kigoma. Alikuja asubuhi na habari hiyo. Gari lingekwenda naye, lakini mkubwa wake alikuwa amekataza lisiondoke bila breki ya mkono, kwa kuwa angepita Kibondo na Kasulu.

"Huko kuna milima," akasema. "Jiwe halitoshi. Ukisimama mlimani na mzigo, utalitafuta gari bondeni."

Baada ya siku kadhaa waya mpya uliletwa kwa treni kutoka Dar es Salaam, umeviringishwa katika gazeti. Fundi aliupima kwa mkono, akaona umezidi urefu kidogo. Akanipa.

"Hii fanya wewe, mwanangu. Urefu huo utajua la kufanya."

Ndipo nilipoona mambo yalivyo. Waya ukishakazwa, mtu huyu anaondoka, na mimi sijamjibu hata mara moja. Angefika Kigoma akiamini kwamba alikuwa akimsumbua kijana asiyempenda. Nilikuwa na muda wa kazi ile tu.

Niliweka jiwe mbele ya matairi ya mbele, nikapandisha nyuma kwa jeki na kuegemeza gari juu ya magogo. Yeye alikaa mlangoni juu ya kasha, miguu yake tu ndiyo niliyoiona nilipokuwa chini. Nati ya kukazia ilikuwa imekula kutu. Niliilowesha mafuta ya taa, nikaigonga pole pole kwa nyundo ndogo, nikaingoja.

"Unaibembeleza?" miguu ikauliza. "Kwetu nati ikikataa tunaipigia ngoma, inacheza yenyewe."

Hapo palikuwa na nafasi. Kila mtu anajua Wazaramo na ngoma zao. Ningeweza kusema kwamba ndiyo maana magari ya kwao hayafiki. Niliyapanga maneno, nikayageuza, nikayapanga tena. Nilipoyamaliza yeye alikuwa ameshahamia kwenye habari ya bei ya nazi Tabora.

Nilifungua magurudumu, nikatoa ngoma za breki, nikauchomoa waya kwenye viatu vya breki vilivyo ndani yake. Kabla ya kuuvuta niliufunga kamba ndefu mwishoni. Hivyo ndivyo fundi alivyonifundisha: waya mbovu ukitoka unaivuta kamba nyuma yake, na kamba inabaki mahali pake, kisha waya mpya unaifuata kamba njia ile ile bila kupotea kwenye ekzosi. Ule wa zamani ulitoka ukiwa mwekundu kwa kutu, nyuzi zimesimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa. Niliupitisha mpya, nimeupaka grisi. Kwa ule urefu uliozidi nilikata kipande cha bomba nikauvika waya kabla ya nati, ili nati ipate pa kukazia. Nikakaza, nikazungusha gurudumu kwa mkono. Lazima lizunguke bila kusugua. Ukikaza mno breki inaungua njiani, ukilegeza mno hukufanya kitu. Nilikaza, nikalegeza, nikakaza. Nilikuwa mwepesi wa mikono siku ile kuliko siku zote, ingawa sikutaka kumaliza.

"Tayari," nikasema.

"Umesema," akasema. "Andikeni."

Fundi alikuwa amekwenda kusali alasiri. Tulikwenda kulijaribu gari sisi wawili, kwenye kile kimwinuko cha kuvukia reli, maana karibu na gereji hapakuwa na mwinuko mwingine. Alisimamisha gari katikati ya kupanda, akavuta breki ya mkono, akaweka gia huru, akazima injini. Akashuka. Nami nikashuka. Gari lilisimama kimya.

Tulilizunguka. Alilisukuma kwa bega, halikuyumba. Akaweka mikono kiunoni.

"Sasa hii ni breki," akasema. "Hii nitakwenda nayo hata mwezini. Mnyamwezi, husemi, lakini unashikisha."

Nikatazama chini, kwa aibu ya kusifiwa, na nilipotazama chini nikaliona jiwe. Lilikuwa nyuma ya tairi. Alipokuwa akishuka alikuwa amelishusha kutoka garini na kulisukuma pale kwa mguu, kwa mazoea, bila kujua. Mimi nilikuwa nimemwona akiliweka, na kwa mazoea yale yale sikuona kitu.

Maneno hayakupangwa. Yalitoka tu.

"Mzaramo," nikasema, "ondoa jiwe."

Akatazama.

"Kwenu ni mchanga mtupu," nikasema. "Jiwe umelionea huku ukubwani, ndiyo maana huwezi kuachana nalo."

Niliogopa. Kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika, akashika boneti, akainamia boneti, na mwanamke aliyekuwa akivuka reli na mtungi wake alisimama kututazama. Niliondoa jiwe mwenyewe. Gari lilirudi nyuma kidogo tu, upana wa kidole, kisha breki ikalishika. Tulingoja. Halikwenda.

Lakini nilikuwa nimeshaanza na sikuweza kukoma. Niliingiza mkono dirishani nikachomoa ufunguo.

"Limekamatwa," nikasema. "Mwite mkubwa wako, mwite nani. Bila kujikomboa huendi Kigoma."

Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeletewa chakula cha kwao.

"Nilijua umo humo ndani," akasema. "Haya, Mnyamwezi. Taja."

Nilichotaka nilikijua. Nilitaka akae. Hata siku chache, hata mpaka Jumapili, nimtukane vizuri, maana sasa nilijua inavyofanywa. Lakini mtani hudai kitu, hadai mtu abaki. Niliposhindwa kutaja yeye alifikiri nakaza bei. Akafungua mlango, akapekua nyuma ya kiti, akatoa kipande cha sabuni ya mche kilichofungwa katika kanga kuukuu. Wakati ule sabuni ilikuwa haionekani madukani, na sisi mafundi tulinawa kwa mchanga na mafuta ya taa.

"Hii nilikuwa naipeleka safarini," akasema. "Chukua. Kwa sababu Mnyamwezi aliyeanza kusema anapaswa pia kunukia vizuri."

Aliitoa haraka na kwa furaha. Angekataa, tungebishana, ningemtukana na kupata saa nzima. Alilipa vizuri mno. Nikapokea kwa mikono miwili, na mtu akishajikomboa humshiki tena, ndiyo sheria. Nikampa ufunguo.

"Mimi nitalala Nzega," akasema, akipanda. "Nilipanga kuondoka alfajiri, lakini kwa breki hii nikiondoka sasa nitafika." Akaegemea dirishani. "Baba yako akiuliza nani amekufundisha matusi, mwambie ni wajomba zako wa pwani."

"Nitamwambia ni mtu wa kubeba mawe," nikasema.

Alicheka tena, akashusha breki ya mkono, akavuka reli. Nilisimama pale na sabuni mpaka vumbi likakaa.

Fundi wangu alinikuta gereji nikikusanya spana.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Ilishika?"

"Ilishika."

Akaketi kuvua viatu vyake vya kutokea. Nikaona nimwambie. Nilimweleza habari yote ya jiwe, jinsi tulivyolizunguka gari na kuisifu breki, na nilivyomwambia kuhusu mchanga wa kwao. Sijawahi kumwambia fundi maneno mengi namna ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akiitikia kwa kichwa pale alipodhani panafaa. Hakucheka, maana hakuwa mtani wangu, wala wa yule mwingine, na kwake yalikuwa maneno makali ya kijana kwa mtu mzima.

"Mungu amfikishe salama," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.