Gauni la Mtu Mwingine

Mtaani walimwita Kiroboto kwa sababu hakuwahi kukaa kitini dakika tano mfululizo. Alhamisi ile ya likizo alikaa. Alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama yake tangu saa mbili asubuhi, akajifanya anafumua pindo za sketi za shule, na macho yake hayakutoka kwenye simu.

Simu ilikuwa ya mama. Ililala mezani kati ya mkasi na kopo la vifungo, kioo chake kikiwa na ufa. Mwezi mmoja na nusu nyuma, fomu ya shindano la uandishi la vijana ilipodai namba ya simu, Kiroboto aliandika hiyo kwa kuwa hakuwa na nyingine. Sasa waandaaji walikuwa wametangaza kwamba washindi kumi watapata ujumbe Alhamisi kabla ya saa sita mchana, na saa nane majina yatabandikwa mlangoni mwa maktaba. Hadithi mia nne na ushee zilikuwa zimepelekwa. Kumi zingechapishwa kitabuni, na walioziandika wangezisoma jukwaani, wazazi wao wakiwa wamekaa mstari wa mbele.

Hapo kwenye wazazi ndipo palipokuwa na tatizo. Mama hakujua lolote kuhusu shindano, na hadithi yenyewe ilikuwa ya maisha ya mama.

Kiroboto aliisikia mwaka uliopita, siku moja alipokuwa chumbani akivua sare. Pazia tu ndilo lililomtenga na sebule, ambayo ndiyo karakana, na huko mama alikuwa akimsimulia mama mdogo. Kabla hajaolewa, mama alichumbiwa mwaka mzima na seremala mmoja, kisha yule seremala akamwacha kwa barua ya mistari minne. Miezi mitatu baadaye msichana aliingia kwenye duka la nguo alikokuwa ameajiriwa mama, akataka gauni la harusi. Mama alikuwa amepiga magoti anapima urefu wa pindo pale msichana alipomtaja bwana harusi. Alikuwa yule yule seremala.  Mama aliandika kipimo, akalishona gauni. Nyuma ya pazia Kiroboto aliganda, mguu mmoja ndani ya sketi na mwingine nje, mpaka ukafa ganzi.

Wiki ile ile akaandika. Alimwondolea fundi wa hadithini kile kidoti cha mama cha shavuni ili asitambulike, akatia chumvi hapa na pale, lulu kifuani, machozi yakidondokea lesi. Lakini yeyote aliyemjua mama angemjua tu.

Saa tatu na nusu akaja Profesa, mwana wa jirani wa ghorofa ya juu, mrefu, miwani ikimteleza puani kila mara. Naye alikuwa ameshiriki, kwa hadithi ya mbwa aliyeachwa na wenye nyumba walipohama.

"Kimya?" akanong'ona.

"Kimya. Kwako?"

"Nimezima simu na kuiwasha mara saba. Huenda mtandao wangu ni mbovu."

"Ukiizima na ujumbe utaingiaje?"

Profesa akalifikiria hilo, akaiwasha.

Simu ya mama ikalia. Kiroboto akairukia, sketi zikamwagika sakafuni. Alikuwa mteja, zipu ya suruali ya mumewe imekwama na mume bado yumo ndani. Mama akampa maelekezo kwa upole, akakata simu, akamgeukia binti yake.

"Wewe mtoto, tangu asubuhi unaivizia simu hii. Una bwana?"

"Sina, mama."

"Basi umevunja kitu cha watu."

"Sijavunja."

"Haya. Okota sketi."

Saa nne ikapita. Kiroboto alikunywa maji vikombe vitatu, akaenda msalani mara nne, na kila akirudi aliitazama simu kwanza, kisha uso wa mama. Aliutaka ushindi kiasi cha kuota ndoto zake, na papo hapo alikuwa anaomba wasimchague.

Saa tano na dakika ishirini simu ikatoa mlio mfupi wa ujumbe. Safari hii mama aliwahi. Aliishika mbali na uso, kama afanyavyo siku zote, akakunja macho kusoma. Alichukua muda. Midomo yake ilikuwa ikifuata maneno polepole, na Kiroboto hakuweza kuvumilia tena.

"Mama, niliandika habari yako."

Mama akainua kichwa. "Habari gani?"

"Ya gauni. La yule mchumba wa seremala. Nimeipeleka kwenye shindano."

Pedeli ya cherehani ilisimama. Profesa akavitafuta viatu vyake mlangoni, akavivaa kinyume, cha kushoto mguu wa kulia, akaondoka.

"Hawa wa kampuni ya simu wananiuzia mlio," mama akasema, akaiweka simu chini. "Nani kakwambia habari hiyo? Mama yako mdogo kamwaga mtama?"

"Hapana. Nilikuwa nyuma ya pazia."

"Na akina nani wameisoma?"

"Waamuzi. Watatu. Nilibadilisha majina."

Mama aliichukua simu, akaitia mfukoni mwa aproni, akaendelea kushona. Hakugomba, na bora angegomba. Alimaliza mkono mmoja wa shati, akamaliza wa pili, akakata uzi kwa meno ingawa mkasi ulikuwa pale pale. Kiroboto aliokota sketi moja akaiweka chini, akaokota nyingine. Ilipokaribia saa sita ndipo mama aliponena, macho yake kwenye kazi.

"Uliandika kwamba nililia?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Kwenye lesi."

"Lesi nyeupe. Nidondoshe machozi kwenye lesi nyeupe ya bibi harusi." Akatikisa kichwa. "Sikulia. Nilibana kiuno."

"Kiuno gani?"

"Cha gauni. Nilipunguza inchi moja kwa makusudi. Alipokuja kulijaribu, zipu ikagoma kupanda. Akageuka akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba mimi. Akasema samahani dada, nimenenepa, nakusumbua. Nikatoka nyuma ya duka nikajifanya natafuta pini. Halafu nikalifumua kiuno chote nikashona upya, na likamkaa vizuri. Hilo hata mama yako mdogo hajui."

 Saa sita ikapita bila simu kulia tena mfukoni mwa mama.

Saa nane kasoro Profesa alikuwa akimngoja chini. Walitembea hadi maktaba. Mlangoni palikuwa na vijana kama ishirini wanasukumana, msichana mmoja amejifunika uso kwa daftari. Kiroboto akapenya chini ya mikono ya watu. Alisoma orodha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Jina lake halikuwamo. La Profesa lilikuwa la nne.

"Ulijua?"

"Tangu saa tano na nusu. Nilikuwa ngazini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea na mama yako."

"Hadithi ya mbwa," akasema Kiroboto.

"Ya mbwa," Profesa akakubali, akiipandisha miwani.

Alitaka kumpongeza, lakini neno la pongezi halikupatikana. Akageuka, akarudi nyumbani mbiombio, akimwacha nyuma. Neno lilipatikana Ijumaa jioni, alipopanda ghorofani akalisema kwa haraka mlangoni na kushuka kabla hajajibiwa.

Alhamisi ile alipofika nyumbani, mama alikuwa amesimama kizingitini akimsubiri, jambo la nadra saa za kazi.

"Vipi?"

"Simo."

Mabega ya mama yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Kisha akakunja uso. "Hata kwenye kumi?"

"Hata kwenye kumi. Profesa yumo, kwa hadithi yake ya mbwa."

"Sasa walitaka nini zaidi? Yaani mambo yale yote yamenipata, halafu kashinda mbwa?"

Kiroboto akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Mama akamvuta ndani, akamtaka amsomee. Alisoma huku akizunguka meza, na mama hakumwacha amalize ukurasa. Gauni halikuwa na lulu. Seremala hakuwa mrefu hivyo. Barua ile ilikuwa na mistari minne, ndiyo, lakini wa mwisho ulikuwa wa kuomba arudishiwe randa yake ya kulainishia mbao.

"Naweza kuiandika upya?" Kiroboto akauliza. "Na ile inchi?"

"Ngoja nifikirie."

Hii ni wiki ya tatu. Kila akitoka shule anauliza, na kila siku mama anasema bado anafikiria, ampishe mwanga. Vidole vinamwasha Kiroboto, lakini hajaandika hata mstari mmoja.